Hundi ya hereni: kupanda na kuanguka kwa wakili Tom Girardi

Mwaka 2007 ofisi ya mawakili ya Girardi & Keese, Los Angeles, iliandika hundi ya dola 750,000 kwenda kwa sonara. Pesa hizo zilinunua jozi moja ya hereni za almasi, zawadi ya mwenye ofisi kwa mkewe. Hundi haikutoka kwenye akaunti yake binafsi wala kwenye akaunti ya ofisi. Ilitoka kwenye akaunti ya amana iliyotunza fidia za watu waliodhurika na Rezulin, dawa ya kisukari iliyoondolewa sokoni Marekani mwaka 2000 kwa kuharibu maini. Vitabuni malipo hayo yaliingizwa kuwa gharama za kesi.

Wakili yeyote, hata aliyeapishwa jana, anajua gharama za kesi ni nini: daktari bingwa wa kutoa ushahidi, mpiga chapa wa mahojiano ya mashahidi, ada za mahakama, nakala za mafaili ya hospitali. Hereni hazimo. Hata hivyo, hundi ile ilikaa vitabuni zaidi ya miaka 13 bila mtu kuigusa, mpaka ofisi yenyewe ilipofilisika na mfilisi akafungua makabati. Kisa cha Thomas Girardi husimuliwa sana kwa sababu ya majumba, ndege za kukodi na mke aliyekuwa nyota wa runinga. Kilichomwangusha lakini ni jambo la karani wa hesabu: hakutenganisha pesa ya mteja na pesa yake.

Girardi alizaliwa mwaka 1939 Denver, Colorado, akasomea sheria Loyola, Los Angeles, akahitimu 1964. Kazi yake ilikuwa upande wa walalamikaji, yaani mgonjwa dhidi ya hospitali, mfanyakazi dhidi ya kiwanda, na mwanakijiji dhidi ya kampuni. Mwaka 1970 alishinda zaidi ya dola milioni 1 katika kesi ya uzembe wa kitabibu, na anatajwa kuwa wa kwanza California kufikisha kiasi hicho kwa kesi za aina hiyo. Mawakili wa namna hii hawadai malipo kwa saa. Mteja hatoi senti mwanzoni. Wakili anabeba gharama zote mfukoni mwake, akishinda anachukua fungu lake, kwa kawaida kati ya asilimia 33 na 40, akishindwa anarudi mikono mitupu. Ni kama mvuvi anayetia mafuta kwenye boti kwa mkopo, na samaki wasipopatikana deni ni lake peke yake.

Kesi iliyomfanya awe Girardi ni ya Hinkley, mji mdogo katika jangwa la Mojave. Kampuni ya gesi na umeme ya PG&E ilikuwa na kituo cha kusukuma gesi pale, na kuanzia 1952 hadi 1966 ilitia kromiamu 6, kemikali yenye sumu, kwenye maji ya minara ya kupozea ili kuzuia kutu. Maji machafu yalimwagwa kwenye mabwawa yasiyotandikwa chochote chini, yakanywea ardhini hadi kwenye visima vya watu. Wakili Edward Masry na karani wake Erin Brockovich ndio waliokusanya walalamikaji, lakini kesi ya watu zaidi ya 600 dhidi ya kampuni kubwa inameza mamilioni kabla jaji hajasikia hata neno moja. Masry hakuwa na mtaji huo. Wakaingia Girardi na wakili mwenzake Walter Lack, wenye mtaji.

Mwaka 1996 PG&E ilikubali kulipa dola milioni 333. Fungu la mawakili lilikuwa asilimia 40, zaidi ya dola milioni 130, mbali na gharama. Shauri lilisikilizwa kwa usuluhishi wa faragha mbele ya majaji wastaafu wanaolipwa na pande husika, si mbele ya juri, wale raia 12 wanaoamua kesi hadharani. Baadaye baadhi ya wakazi wa Hinkley walilalamika kwamba pesa zilichelewa na kwamba hawakuelezwa mgao ulipigwaje: kwa nini jirani kapata hivi na yeye vile. Wakati ule malalamiko hayo yalionekana ni manung'uniko ya kawaida ya watu waliokwishapata. Ukiyasoma leo unaona kila kitu kilichokuja baadaye kilikuwa hapo tayari, yaani pesa nyingi kwa mkupuo mmoja, wateja wengi wasiojuana, na mtu mmoja anayejua hesabu.

Baada ya Hinkley hakuna mlango uliofungwa. Girardi aliketi kwenye Baraza la Mahakama la California, chombo kinachosimamia sera za mahakama za jimbo. Alikuwa kwenye kamati ya mawakili walioongoza kesi za Vioxx, dawa ya maumivu ambayo watengenezaji wake Merck walikubali mwaka 2007 kulipa dola bilioni 4.85. Wanasiasa walichangiwa, majaji wakaalikwa kwenye hafla zake, na aliyetaka ujaji alifurahi akisikia kwamba Tom amemtaja kwa gavana.

Sasa tuje kwenye akaunti. Tuchukue mfano wa fidia ya dola 1,000,000. Mdaiwa, au kampuni yake ya bima, hamkabidhi mteja pesa mkononi. Anampelekea wakili, na wakili anaziweka kwenye akaunti ya wateja, ambayo kisheria si mali yake hata siku moja. Hundi ikishaiva benki, wakili anaandaa karatasi ya mgao: ada yake asilimia 40, dola 400,000, gharama alizotanguliza, tuseme 60,000, madai ya hospitali na bima ya afya yanayopaswa kulipwa kutoka kwenye fidia, tuseme 90,000. Mteja anabakiwa na 450,000. Anasaini karatasi, wakili anahamisha 400,000 na 60,000 kwenda akaunti ya ofisi, analipa hospitali, anamwandikia mteja hundi yake. Kazi imekwisha. Ofisi ndogo yenye karani makini inaimaliza kwa wiki chache. Kinachochelewesha kweli ni hospitali kuthibitisha deni lao.

Kanuni za California zinataka kila mwezi vitu vitatu vilinganishwe: taarifa ya benki, daftari la akaunti nzima, na daftari la kila mteja peke yake. Jumla ya madaftari ya wateja lazima ilingane na salio la benki mpaka senti. Salio likiwa dogo kuliko jumla ya madaftari, pesa ya mtu imekwenda. Likiwa kubwa, wakili ameacha pesa yake humo, na hilo nalo ni kosa, maana ndipo mchanganyiko unapoanzia.

Mianya iko mitatu, na Girardi aliitumia yote. Wa kwanza ni kwamba mteja husaini hati ya kumaliza kesi kabla pesa hazijafika, kwa hiyo siku zikifika yeye hana taarifa. Mlipaji anawasiliana na wakili tu. Wa pili ni usiri. Makubaliano mengi yana kifungu kinachomzuia mteja kutaja kiasi, na katika kesi za watu mia au elfu, kila mmoja anajua fungu lake tu, hajui jumla. Wa tatu ndio uliomweka salama kwa miaka mingi. Benki inalazimika kukitaarifu Chama cha Mawakili cha California, ambacho ndicho chombo rasmi cha kutoa na kunyang'anya leseni, pale hundi ya akaunti ya wateja inapogonga mwamba kwa kukosa salio. Kengele ni hiyo. Kwa maneno mengine, anayeiba na kuacha akaunti tupu anakamatwa haraka. Anayeiba na kuhakikisha daima kuna fidia nyingine mpya inaingia kufunika shimo la jana, kengele haimlilii kamwe.

Huo ni upatu. Tofauti yake na upatu wa mtaani ni kwamba waliowekeza hawakujua kuwa wamewekeza. Waendesha mashitaka walieleza kwamba kuanzia mwaka 2010 hadi Desemba 2020 fidia za mteja mmoja zilitumika kumlipa mteja wa zamani aliyeanza kupiga kelele, na zilizobaki zikaenda kwenye mishahara, madeni ya ofisi, ndege, vito, magari, na klabu za gofu. Mfilisi baadaye alidai kwamba dola milioni 25 za ofisi zilitumika kuendeshea kazi ya muziki na sanaa ya mke wake, Erika Jayne, ambaye naye alikana kujua pesa zilitoka wapi.

Mfano mchungu kuliko yote uliotajwa mahakamani ulihusu tena PG&E. Septemba 2010 bomba lao la gesi lililipuka San Bruno, kusini ya San Francisco, watu 8 wakafa. Kijana mmoja aliyeungua vibaya sana aliwakilishwa na Girardi, na mwaka 2013 kesi yake ikaisha kwa dola milioni 53. Familia iliambiwa ni milioni 7.25. Tena waliambiwa kiasi hicho ni bora kikae kwanza mahali pa kuzalisha riba, nao wawe wanapewa kidogo kidogo. Hata tukitoa asilimia 40 ya mawakili kutoka milioni 53, zinabaki karibu milioni 32 kabla ya gharama. Kijana alikuwa na upasuaji mmoja baada ya mwingine, na ile "riba" aliyokuwa akipelekewa ilikuwa kipande cha pesa yake mwenyewe.

Wengine hawakudanganywa kuhusu kiasi, walipigwa danadana kuhusu tarehe. Mjane wa ajali ya boti, mama wa mtoto aliyeumia kwenye ajali ya gari, mwanamke aliyeumizwa na kifaa cha hospitali, wote waliishi na barua na ujumbe wa simu vya aina moja. Jaji bado hajaidhinisha. Kuna suala la kodi. Kuna dai la mtu mwingine linamalizwa. Sauti ya mzee kwenye simu ilikuwa laini, yenye heshima, ya mtu anayekujali, na rekodi hizo juri walizisikia. Kwa anayejua kazi, visingizio vyenyewe vilikuwa ushahidi. Sheria ya kodi ya serikali kuu ya Marekani haitozi kodi ya mapato fidia ya majeraha ya mwili, kwa hiyo "suala la kodi" kwa mtu aliyeungua karibu halipo. Idhini ya jaji nayo inahitajika kwenye kesi za watoto na aina chache nyingine. Mtu mzima aliyemaliza kesi yake nje ya mahakama hangoji sahihi ya jaji yeyote ili apewe chake.

Swali ambalo watu huuliza ni hili: mtu anayeingiza mamilioni ya ada halali anaibaje? Jibu liko kwenye mtiririko wa pesa. Kesi kubwa inaweza kula miaka 5 au 8, na wakati wote huo mishahara, mashahidi wataalamu na kodi ya ofisi vinalipwa kila mwezi. Ofisi za namna hii hukopa kwa makampuni yanayofadhili kesi, kwa riba kali, dhamana ikiwa ni ada ya kesi ambazo bado hazijashinda. Mwaka ukiwa mzuri, unalipa. Mwaka ukiwa mbaya, au kesi ikichelewa, unakopa kwingine kulipa huku. Girardi alikuwa na wakopeshaji kadhaa, na baadhi yao walifikia kumshitaki. Ukiongeza maisha ya kifahari juu ya mapato ya msimu, akaunti ya wateja inageuka kuwa mkopo usio na riba, usio na mkataba, na ambao mkopeshaji wake hajui kama amekopesha. Kila wakili mwizi huanza kwa kusema atarudisha ijumaa. Wapo wanaorudisha kweli, na hapo ndipo wanapojifunza kwamba inawezekana.

Sehemu inayotia hasira ni wale waliojua au waliopaswa kujua. Mwaka 2022 Chama cha Mawakili kilikiri hadharani kwamba kwa miaka 40 kilikuwa kimefungua mafaili 205 ya malalamiko dhidi ya Girardi, mengi yakihusu pesa za wateja. Leseni yake ilikuwa safi muda wote huo. Ripoti huru ya Machi 2023 ilieleza uhusiano wake na watumishi wa chama: chakula, safari, upendeleo, na mpelelezi wa chama aliyekuwa rafiki wa ofisi.

Kuna tukio la 2010 linaloonyesha jinsi ulinzi huo ulivyofanya kazi kwa mwanga wa mchana. Girardi na Lack walikuwa wamejaribu kutekeleza Marekani hukumu ya dola milioni 489 iliyotolewa Nicaragua, kwa niaba ya wafanyakazi wa mashamba ya ndizi waliodhurika na dawa ya kuua minyoo ya udongo. Mahakama ya Rufaa ya Shirikisho ya eneo la tisa iligundua kwamba nyaraka walizoleta zilikuwa na uongo kuhusu kampuni gani hasa zilihukumiwa. Iliwatoza wao na ofisi zao jumla ya dola 390,000, ikamsimamisha Lack miezi 6 kufanya kazi mbele yake na kumkaripia Girardi rasmi. Suala likapelekwa kwenye chama. Rais wa chama kipindi hicho alikuwa wakili wa ofisi ya Girardi. Chama kilijitoa, kikateua mtu wa nje aamue, naye akaona hakuna haja ya kumwadhibu mtu.

Mawakili wenzake je? Wengi walikuwa wakimpelekea kesi na kusubiri mgao wa ada. Kumchongea ni kupoteza mgao huo. Juu ya hapo, California ilikuwa jimbo pekee Marekani ambalo kanuni zake hazikumlazimu wakili kumripoti mwenzake anayeiba. Kukaa kimya lilikuwa jambo halali.

Anguko lilitokea Chicago, na sidhani ni kwa bahati tu. Tarehe 29 Oktoba 2018 ndege ya Lion Air namba 610, Boeing 737 MAX, ilianguka baharini muda mfupi baada ya kuruka kutoka Jakarta, ikaua watu wote 189. Girardi aliwakilisha baadhi ya familia za Indonesia dhidi ya Boeing, ambayo wakati huo makao yake yalikuwa Chicago, kwa hiyo kesi zilifunguliwa mahakama ya shirikisho ya huko. Alihitaji mshirika mwenyeji, akashirikiana na ofisi ya Edelson. Mwanzoni mwa 2020 Boeing ilimaliza na familia hizo na kulipa. Pesa zilifika Los Angeles, zikakwama hapo. Wajane na yatima waliambiwa yaleyale waliyoambiwa wenzao wa California, safari hii kukiwa na bahari na tofauti ya lugha katikati.

Illinois ina historia tofauti na California kuhusu kukaa kimya. Mwaka 1988 Mahakama Kuu Zaidi ya jimbo hilo ilimsimamisha wakili mmoja mwaka mzima kwa sababu alijua mwenzake amekula pesa za mteja na hakuripoti, ingawa yeye mwenyewe hakuiba chochote na alikuwa akimsaidia mteja kuzirudisha. Kila wakili Chicago anaijua kesi hiyo. Desemba 2020 Edelson walikwenda mahakamani na kusema kwamba pesa za familia hazijulikani ziliko. Wapo waliohoji kwa nini walisubiri kwa miezi, na swali hilo ni la haki.

Baada ya hapo kila kitu kilienda kasi. Tarehe 14 Desemba 2020 Jaji Thomas Durkin aliuliza angalau dola milioni 2 za familia ziko wapi. Hakupata jibu. Alimtia Girardi na ofisi yake hatiani kwa kudharau mahakama, akafungia mali zao, na akapeleka suala kwa waendesha mashitaka. Siku nne baadaye wateja wa zamani na wadai wengine waliomba ofisi itangazwe kufilisika. Mke alikuwa ameshafungua talaka mwezi wa Novemba. Mwanzoni mwa 2021 ndugu yake aliteuliwa kuwa msimamizi wa mambo yake kwa maelezo kwamba mzee ana ugonjwa wa kusahau. Leseni ilifutwa 2022, baada ya kesi ya nidhamu ambayo hakuijibu.

Februari 2023 mashitaka ya jinai yalifunguliwa Los Angeles na Chicago. Ya Los Angeles yalihusu zaidi ya dola milioni 15 za wateja. Ya Chicago, zaidi ya milioni 3 za familia za Lion Air. Mkuu wake wa hesabu, Christopher Kamon, alikuwa amekwishakamatwa Novemba 2022 akitua Baltimore kutoka Bahamas. Ilibainika kwamba Kamon naye alikuwa akimwibia mwizi, kwa ankara za uongo za ujenzi. Ofisi isiyolinganisha vitabu haina njia ya kuchagua nani anaibiwa.

Utetezi wa Girardi ulisimama miguu miwili: kwamba akili zimemtoka, na kwamba Kamon ndiye mwizi. Mguu wa kwanza ulivunjika Januari 2024, Jaji Josephine Staton alipoamua kwamba ana uwezo wa kusimama kizimbani. Madaktari walionyesha kwamba upungufu wa kumbukumbu upo, lakini ushahidi mwingine ulionyesha anatia chumvi. Mguu wa pili ulivunjwa na karatasi. Barua za visingizio zilibeba sahihi yake, ujumbe wa simu ulibeba sauti yake, na wafanyakazi walisema hakuna hundi ya mteja iliyotoka bila yeye kuridhia. Alipanda kizimbani kujitetea mwenyewe. Agosti 2024 juri hawakuchukua hata siku nzima kumtia hatiani kwa makosa manne ya ulaghai kwa njia ya mawasiliano.

Mageuzi yalikuja, na ni ya maana kwa sababu yanagusa mianya yenyewe. Tangu 2023 wakili wa California anapaswa kumjulisha mteja ndani ya siku 14 tangu pesa zipokelewe. Pesa zisizo na mgogoro zisipotolewa ndani ya siku 45, inachukuliwa kwamba amevunja kanuni mpaka athibitishe vinginevyo. Kila mwaka mawakili wanaoshika pesa za wateja wanasajili akaunti zao kwa chama na kuthibitisha kwamba wanazisimamia kwa kanuni. Na tangu tarehe 1 Agosti 2023 wakili anayejua kuna ushahidi wa kuaminika kwamba mwenzake amekula pesa za mteja lazima amripoti. Usajili wenyewe, kwa maoni yetu, ni dhaifu: anayesema uongo kwa mjane atasema uongo kwenye fomu. Siku 14 ndizo zenye meno, kwa sababu zinampa mteja tarehe ya kushika.

Kwa Afrika Mashariki kisa hiki hakiko mbali. Ndege ya pili ya 737 MAX, ET302 ya Ethiopian Airlines, ilianguka tarehe 10 Machi 2019 ikija Nairobi. Walikufa watu 157, Wakenya wakiwa 32, na madai mengi ya familia hizo yalikwenda mahakama ileile ya shirikisho Chicago. Kenya kwenyewe, kifungu cha 46 cha Sheria ya Mawakili hakikubali mkataba wa kulipwa pale tu unaposhinda. Mtu wa Nakuru au Mombasa anayesaini mkataba wa asilimia na wakili wa Marekani anaingia kwenye mfumo ambao hajawahi kuuona nyumbani. Vitu vya kudai ni vichache na haviudhi wakili mwaminifu: nakala ya makubaliano yenye kiasi kamili, tarehe na namba ya muamala ya mlipaji, karatasi ya mgao yenye kila mstari wa gharama na risiti yake, na jina la hospitali au bima inayodaiwa kuzuia malipo, ili uipigie mwenyewe. Ukiambiwa jaji ndiye anayechelewesha, uliza namba ya kesi na tarehe ya ombi. Kumbukumbu za mahakama za shirikisho za Marekani zinasomeka mtandaoni. Wakili mwenyeji aliyekuunganisha naye aulizwe hayohayo kwa maandishi, maana naye anasubiri fungu.

Kilichorudi kwa waathirika ni kidogo. California ina mfuko wa kufidia wateja walioibiwa na mawakili, lakini ukomo wake ni dola 100,000 kwa hasara moja, hata kama zilizopotea ni mamilioni. Hereni za 2007 zilisalimishwa kwa amri ya jaji wa ufilisi na kupigwa mnada Desemba 2022. Nyundo iligonga kwenye dola 250,000, theluthi ya bei zilizonunuliwa. Kamon, aliyekiri makosa, alipewa Aprili 2025 kifungo cha miezi 121. Bosi wake alihukumiwa tarehe 3 Juni 2025, siku aliyotimiza miaka 86: miezi 87 jela, faini ya dola 35,000, na kuwarudishia waathirika dola 2,310,247.